Je, wajua kwa nini unga unamsinzisha mtu ila panya unamkimbiza?

Ukipita Mwanjelwa hapa Mbeya jioni unaweza kumkuta kijana keshavuta unga, yaani heroini, anasinzia huku kasimama, kichwa kinashuka, magoti yanapinda, ila haanguki. Sasa panya mdogo wa maabara akichomwa hiyo heroini au mofini, dawa ya maumivu ya hospitali iliyo halali kabisa, anaanza kuzunguka boksi lake pembeni pembeni mbio tu bila kuchoka na mkia unakakamaa unasimama juu ya mgongo. Huo mkia Mjerumani Walther Straub aliuandika tangu 1911 na mpaka leo unaitwa mkia wa Straub.

Inakuwaje? Kwenye ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni kuzuia seli zingine zisimwage ovyo dopamini, kemikali ya ubongo inayoleta raha na hamu. Dawa za jamii ya opioidi, kama heroini na mofini, zinakaa kwenye vipokezi (sehemu za seli zinazopokea dawa) vya hizo seli za kuzuia, vinaitwa mu, zinazinyamazisha, basi dopamini inamwagika bila kizuizi kama lori lililofeli breki mlima Kitonga na kwa panya dopamini nyingi maana yake ni mbio. Kwa binadamu nayo inapanda, na hiyo ndo inamrudisha mtu kijiweni kila siku, ila usingizi unaifunika. Ndo maana kuacha siyo suala la kujikaza tu jamani, tusiwatukane, kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache heroini, ipo hapahapa hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya.

Mimi kinachonishangaza zaidi ni kwamba anayemkimbiza panya wala siyo heroini yenyewe! Heroini inashika hivyo vipokezi kwa udhaifu sana, ila ikishaingia kwenye damu inavunjwa ndani ya dakika chache tu inakuwa kitu kinaitwa 6-MAM, alafu hiyo nayo inageuka mofini. Watafiti wa Norway walipima damu na ubongo wa panya wakalinganisha na mwendo wao, wakakuta mbio za mwanzo zinaendana na 6-MAM.

Mofini nayo ini linaigeuza kuwa vitu viwili vinaitwa M3G na M6G. Panya akichomwa M6G anakimbia, akichomwa M3G hakimbii, ila ini la panya lenyewe M6G karibu halitengenezi kabisa, la kwetu linatengeneza. Na M6G inatoka kwa mkojo, kwaiyo mgonjwa wa saratani anayetumia mofini figo zikigoma inamjaa mwilini, anasinzia kupita kiasi na pumzi zinapungua, ndo maana daktari anamshusha dozi au anambadilishia dawa.