Kwa nini sindano za kupunguza uzito hutapisha

Tukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Huuambia ubongo kwamba chakula kimetosha, na hulipunguzia tumbo kasi ya kusukuma chakula kwenda utumbo mwembamba. Semaglutide, dawa iliyomo kwenye sindano za Wegovy na Ozempic, huiga homoni hiyo. Ila homoni ya mwilini huvunjwa ndani ya dakika chache, na dawa hudumu zaidi ya wiki.

Kwa hiyo kinachokata njaa ndicho hicho hicho kinacholeta kichefuchefu. Chapati mbili za mafuta ulizokula saa mbili usiku zinaweza kuwa bado zimo tumboni unapopanda kitandani. Katika utafiti mkubwa wa Wegovy uliochapishwa mwaka 2021, karibu mtu mmoja kati ya wanne waliochomwa dawa alitapika, hasa katika wiki za kupandisha dozi.

Ndiyo maana dozi ya Wegovy hupanda kwa ngazi: miligramu 0.25 mara moja kila wiki kwa wiki nne, kisha 0.5, 1, 1.7 hadi 2.4. Ile ya kwanza haikusudiwi kupunguza uzito, ipo ili mwili uzoee. Inanisikitisha kuona watu wakinunua sindano mitandaoni na kuanza na dozi ya rafiki aliyekwisha kupungua. Ukitapika sana, mwambie daktari. Anaweza kukuacha kwenye ngazi uliyopo au kukushusha, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Kwenye sahani, pakua kidogo, kula taratibu, na uache mara njaa inapokatika. Punguza vya kukaanga. Usilale punde tu baada ya kula. Ukishatapika, kunywa maji au ORS kwa mafunda madogo madogo. Mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, maji yamepungua mwilini na figo zimo hatarini. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango akumbuke kwamba kidonge kilichotapikwa hakikukingi.

Usisubiri nyumbani kama hata maji hayakai, unatapika damu, au una maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni. Huenda kongosho limevimba. Ukifika hospitali taja jina la dawa, dozi, na siku uliyochoma mara ya mwisho, hata kama ni wiki mbili zilizopita, kwa sababu dawa bado imo mwilini.