Kutuni Blüthner: ule uzi wa nne ambao nyundo haiugusi

Piano nyingi za grandi, ukifika kule juu kwenye sauti nyembamba kila nota ina nyuzi tatu na nyundo inazipiga zote kwa pamoja. Blüthner za Leipzig, Ujerumani, zina wa nne. Julius Blüthner aliupatia hataza mwaka 1873, unaitwa alikwoti, umenyanyuliwa kidogo kwa hiyo nyundo inapanda inapiga zile tatu na huu haiugusi kabisa, unaimba wenyewe tu kwa mtetemo unaopita kwenye daraja, kile kipande cha mbao ambacho nyuzi zimelalia.

Sasa uzi usiopigwa unautuni vipi?

Naanza na zile tatu kama piano yoyote, kabari za mpira pembeni kuzizima mbili, natuni wa katikati afu naachia mmoja mmoja mpaka mapigo yaishe, yaani ule mlio wa kupanda na kushuka nyuzi zikiwa hazijalingana. Ila wa nne uuzime mapema, ukiusahau unakuchanganya masikio, unadhani zile tatu zimegoma kukaa sawa kumbe ni wenyewe unanung'unika. Mwisho ndo naugeukia, naukwanyua kwa ukucha mpaka ukaribie, halafu nabonyeza kibao na kusikiliza mkia wa sauti. Ukirefuka na kutulia, umefika. Na huku juu ni padogo sana, kwenye nota ya hezi 2093 ukikosea sehemu moja tu ya mia ya nusu toni tayari una pigo moja na ushee kila sekunde.

Kwenye za zamani kuna alikwoti zinazotuniwa oktava moja juu ya nota yake. Hapo usizidishe hezi mara mbili tu! Uzi wa chuma unaopigwa ni mkakamavu, sauti yake ya pili ya ndani, ile nyembamba inayolia pamoja na sauti kuu, inakaa juu kidogo ya mara mbili, na hiyo ndo alikwoti inaiitikia, kwa hiyo ifuate kwa sikio.

Voisingi, yaani kurekebisha ugumu wa felti (ile sufi iliyoshindiliwa kichwani mwa nyundo) ili kubadili mlio, ndo naona watu wanaharibu piano nzuri, inaniuma kweli. Wanataka nota za juu zing'ae, wanaipiga felti msasa mpaka nyundo inagonga kama kijiti, mlio wa mwanzo unakuwa mkali hadi mkia wa alikwoti hausikiki tena. Mimi nazilainisha kidogo, sindano mabegani mwa nyundo sio kwenye ncha, na kwa uchache maana felti huku ni nyembamba, ukiichoma sana hairudi. Kabla ya hapo hakikisha zile nyuzi tatu ziko usawa mmoja, la sivyo utachoma felti kwa tatizo lililopo kwenye uzi. Na nyundo ikipanda isiguse wa nne hata kidogo, mlio wa namna hiyo sindano haiuondoi.