Dawa ya neva pamoja na tramadoli au mofini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwenye kisukari anayehisi nyayo zikiwaka moto usiku kucha. Aliyepona vipele vya mkanda wa jeshi lakini maumivu yakabaki. Mwenye pingili za mgongo zinazobana neva. Mgonjwa wa saratani. Hawa wote wanaweza kujikuta na dawa mbili za maumivu kwa wakati mmoja: moja ya neva, mara nyingi gabapentini au pregabalini, na nyingine ya jamii ya afyuni, yaani tramadoli, kodeini, mofini, oksikodoni au fentanili. Kila moja ina kazi yake halali. Linalonisumbua ni yale yanayosemwa kuhusu kuzitumia pamoja, kwa sababu mengine yanahatarisha maisha na mengine yanamnyima mgonjwa nafuu anayostahili.

“Gabapentini ni dawa ya kifafa, haiwezi kumdhuru mtu”

Ni kweli ilianza kama dawa ya kifafa. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1993, na matumizi ya maumivu ya neva yakafuata baadaye. Ni kweli pia kwamba haifanyi kazi kama mofini. Mofini na ndugu zake hushika vipokezi vya afyuni kwenye ubongo na uti wa mgongo. Gabapentini na pregabalini hushika sehemu ya vijitundu vinavyopitisha kalisi kwenye neva, na neva iliyochachamaa ikapunguza kutuma ujumbe wa maumivu. Watu wakisikia hivyo huona kwamba, kwa kuwa kila dawa ina njia yake, haziwezi kugongana.

Zinakutana kwenye pumzi. Shina la ubongo hufuatilia hewa ukaa iliyomo kwenye damu, na ikipanda huamuru mapafu yavute hewa. Dawa za afyuni hulifanya shina hilo lisishtuke hewa ukaa inapopanda. Dawa ya neva nayo huleta usingizi na inaweza kudhoofisha msukumo huohuo wa kupumua. Pumzi zinakuwa chache na fupi, hewa ukaa inajaa, na hewa ukaa ikizidi huongeza usingizi juu ya usingizi. Mgonjwa hakohoi, hahangaiki wala haombi msaada. Anazama taratibu, na hapo ndipo ubaya wa mchanganyiko huu ulipo.

Desemba 2019, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu jambo hili. Katika taarifa 49 za wagonjwa waliopata shida ya kupumua wakitumia dawa hizi za neva, 12 walifariki, na wote 12 walikuwa na angalau kitu kimoja kilichoongeza hatari: dawa nyingine inayolegeza ubongo, ugonjwa wa mapafu, umri mkubwa na kadhalika. Uingereza ilikuwa imeshaonya kuhusu gabapentini mwaka 2017, ikaongeza pregabalini mwaka 2021, na kabla ya hapo, Aprili 2019, ilikuwa imeziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kisheria. Na huko Ontario, Kanada, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walichunguza watu waliokuwa wakitumia dawa za afyuni. Wale walioandikiwa gabapentini pamoja nazo walikuwa na uwezekano wa kufa kwa sababu ya afyuni uliozidi ule wa wenzao kwa takriban asilimia 49, na kwenye dozi kubwa hatari ilikuwa juu zaidi.

“Amelala vizuri, mwacheni apumzike”

Hili ndilo ningependa kila familia yenye mgonjwa ilielewe, hata kama mengine yote yatasahaulika.

Mtu amekaa wiki nzima hapati usingizi kwa maumivu. Siku ya pili ya dawa mpya analala usingizi wa pono, anakoroma, na nyumba nzima inashukuru. Mlango unafungwa asibughudhiwe. Hakuna anayefanya hivyo kwa uzembe. Wanafanya kwa huruma. Lakini kukoroma kwa namna ambayo hajawahi kukoroma, kwa sauti nzito yenye mgugumo kama kuna majimaji kooni, huenda ni njia ya hewa inayoziba kwa kuwa misuli ya koo imelegea. Usimwache.

Mwite kwa jina. Mtikise bega. Aliyelala usingizi wa kawaida ataamka, atakasirika kidogo, atakujibu jambo lenye maana, kisha atageukia upande wa pili. Anayefungua macho nusu, akatamka neno lisiloeleweka na kuzama tena, huyo si wa kufungiwa mlango. Tazama kifua chake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima, si robo dakika kisha ukazidisha, kwa sababu kukiwa na vituo kati ya pumzi robo dakika itakudanganya. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Zikishuka chini ya 10 na haamshiki sawasawa, au zinakatika kabisa kwa sekunde kadhaa kisha zinaanza kwa kishindo, ita gari la wagonjwa au mkimbize hospitali. Angalia pia mboni za macho, ambazo afyuni huzifanya ndogo kama ncha ya pini. Kwa mwenye ngozi nyeusi usitafute ubluu usoni. Tazama ndani ya midomo, kwenye fizi na chini ya kucha.

Dalili za mapema huja wakati mtu bado yuko macho: anasinzia katikati ya sentensi, anayumba akienda chooni, ulimi mzito, anasahau kama ameshameza dawa. Hilo la mwisho lina hatari yake, maana anayesahau humeza tena. Saa ya kumeza vidonge iandikwe kila mara, na mtu mwingine avitunze siku za mwanzo na kila dozi inapopandishwa.

“Kama ingekuwa hatari, daktari asingeandika”

Mara nyingi hakuna daktari aliyeandika zote mbili. Wa kliniki ya kisukari ameandika pregabalini. Wa meno au wa mifupa ameandika tramadoli. Na dawa ya kikohozi yenye kodeini imetoka kwa jirani. Kila mmoja ameona kipande chake. Kwa hiyo beba vyote, pamoja na dawa ya mafua inayosinzisha, dawa ya usingizi na diazepamu kama unaitumia, uviweke mezani mbele ya mfamasia au daktari. Pombe utaje pia, hata ukiona aibu. Yote hayo yanaelemea mahali palepale.

“Mimi nimeshazoea”

Aliyetumia mofini au tramadoli kwa miezi mingi huwa kweli amezoea kwa kiasi fulani: dozi iliyomlewesha mwanzoni sasa haimleweshi. Lakini mazoea hayo ni ya dawa ile na kiwango kile. Ukiongeza dawa ya neva juu yake unaleta mzigo mpya ambao mwili haujauzoea. Akikaa siku kadhaa bila dawa ya afyuni, labda alilazwa au iliisha, mazoea hupungua, na dozi ya zamani inaweza kumzidi nguvu.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Gabapentini hupita utumbo kwa mlango mwembamba. Kwa mtu anayetumia miligramu 900 kwa siku, takriban asilimia 60 ya dawa huingia mwilini. Akipandishwa hadi 3600, kinachoingia ni karibu theluthi tu. Dawa za afyuni hupunguza mwendo wa utumbo, na dawa ya neva hupata muda zaidi wa kufyonzwa. Katika jaribio moja, mofini ya miligramu 60 inayotoka polepole, ikimezwa saa mbili kabla ya gabapentini, iliongeza kiasi cha gabapentini kilichoingia mwilini kwa asilimia 44. Vidonge ni vilevile, ila kilichofika kwenye damu kimezidi.

“Tramadoli na kodeini ni nyepesi, si kama mofini”

Kodeini hugeuzwa kuwa mofini ndani ya ini. Watu hatufanani katika kazi hiyo: wengine hugeuza kidogo sana hata wasipate nafuu, wengine hugeuza haraka na kwa wingi hadi dozi ya kawaida ikawalemea. Tramadoli nayo hutegemea njia hiyohiyo kupata nguvu yake kubwa. Hakuna anayeweza kumtazama mtu usoni akajua yuko kundi gani.

Tramadoli ina mawili ya ziada. Inaweza kuleta degedege, hasa dozi ikizidi au kwa mwenye kifafa. Na dawa za neva si gabapentini na pregabalini peke yake: kuna amitriptilini na duloksetini, ambazo asili yake ni dawa za sonona. Hizo zikikutana na tramadoli zinaweza kupandisha serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye neva, kupita kiasi, mtu akatetemeka, akatokwa jasho, joto likapanda, moyo ukaenda mbio na akili ikavurugika. Duloksetini hata huzuia ile kazi ya ini, kwa hiyo mgonjwa hapati nafuu ya tramadoli na anashawishika kuongeza vidonge.

“Jirani anatumia dozi hiyohiyo na yuko salama”

Muulize jirani figo zake zikoje. Gabapentini na pregabalini hazivunjwivunjwi na ini kwa kiasi cha maana. Hutoka kwenye mkojo zikiwa karibu kama zilivyoingia. Figo zikichoka, dawa inabaki na kurundikana, dozi ya leo juu ya mabaki ya jana. Sasa fikiria ni nani hasa huandikiwa dawa hizi: mwenye kisukari cha muda mrefu, ambaye sukari ileile iliyoharibu neva za miguu yake huenda inaharibu figo pia. Mofini nayo huacha mabaki yenye nguvu ambayo hutolewa na figo. Mtu kama huyo anahitaji kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla ya kupangiwa dozi, na ana haki ya kukiuliza.

Wengine wa kuangaliwa kwa makini ni wazee, wenye ugonjwa sugu wa mapafu, na wale ambao pumzi hukatika usingizini hata bila dawa yoyote.

“Basi mtu asiwahi kuzitumia pamoja”

Hapa nataka kuwatetea wagonjwa, kwa sababu hofu nayo inaumiza. Mwaka 2005 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la wagonjwa wa maumivu ya neva waliopewa mofini na gabapentini, kila moja peke yake na pia kwa pamoja. Mchanganyiko ulituliza maumivu vizuri zaidi, kwa dozi ndogo zaidi za kila dawa. Kwa mgonjwa wa saratani ambaye uvimbe umevamia neva, hilo linaweza kuwa tofauti kati ya kukaa mezani na watu wake na kujikunja kitandani. Na kwa waliofanyiwa upasuaji hospitalini, chini ya macho ya wauguzi, hatari imeonekana kuongezeka, lakini idadi ya waliozidiwa na dawa ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na waliotibiwa.

Usalama unategemea namna zinavyotumiwa. Anayezitumia pamoja aanzie chini na apandishwe taratibu, kwa agizo la mtu anayejua dawa zote alizonazo na hali ya figo zake, bila pombe, na kuendesha gari kusubiri hadi ajue dawa zinamfanyaje.

Usisome haya kisha ukatupa vidonge leo. Kuacha gabapentini au pregabalini ghafla kunaweza kuleta wasiwasi mkali, jasho, kukosa usingizi, na hata degedege kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kifafa. Kuacha afyuni ghafla huleta arosto. Kushusha hufanywa kwa hatua, kwa wiki moja angalau kwa dawa ya neva na mara nyingi zaidi ya hapo, na daktari huchagua ipi ianze kushuka. Kama unasinzia kupita kiasi, usimeze dozi inayofuata kabla hujaongea naye siku hiyohiyo.

“Naloksoni haisaidii, kwa kuwa kuna dawa mbili”

Naloksoni, dawa ya dharura kwa aliyezidiwa na afyuni, huondoa afyuni kwenye vipokezi vyake na haiigusi gabapentini wala pregabalini. Hilo ni kweli, lakini haliifanyi isiwe na maana. Ukiondoa mzigo mmoja kati ya miwili, pumzi zinaweza kurudi, na kumpa mtu ambaye hakuwa na afyuni mwilini hakumdhuru. Kama ipo nyumbani, ya kupuliza puani au ya sindano, itumie bila kusitasita. Mlaze kwa ubavu, kidevu kikiwa kimeinuka kidogo, na kama hapumui mgeuze chali umpulizie pumzi mdomoni hadi msaada ufike.

Akizinduka atasema yuko sawa na anataka kurudi kulala. Mpeleke hospitali hata hivyo. Nguvu ya naloksoni huisha ndani ya dakika 30 hadi 90, ilhali mofini inayotoka polepole hukaa saa nyingi mwilini, na dawa ya neva ambayo haikuguswa kabisa bado inaendelea kumsinzisha.