Bibi Huyu Alikuwa Nani?

Kila nikipeleka watu Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, lazima mmoja aulize: kasri hili alijenga nani? Namjibu ni Seyyid Said, sultani wa Unguja, baina ya 1828 na 1834. Anatikisa kichwa, anapiga picha ya ukuta uliobaki, tunasogea. Bado sijampata wa kuniuliza tumejuaje kwamba uani mle walizurura tausi, paa na mbuni, wala nani katwambia watoto wa mle ndani walivyolelewa. Kuta hazisemi hayo. Aliyeyasema ni msichana aliyezaliwa humo humo tarehe 30 Agosti 1844: Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said na suria wa Kicherkasi aliyeitwa Jilfidan.

Kazi yangu ni kuorodhesha majengo ya kale na makaburi ya pwani. Miaka ya kazi hii imenionyesha kwamba historia ya mwanamke wa pwani haikai mahali pamoja. Ya mwanamume mara nyingi utaikuta nzima kwenye kibao kimoja: jina, cheo, mwaka. Ya mwanamke imetawanyika. Nyumba huku, kaburi kule, maneno yake kwengine kabisa. Ukihifadhi kipande kimoja ukaviacha viwili, umehifadhi kifusi.

Bi Salme ni mfano mzuri. Wakati wake watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya fupa la bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwenda Aden, mwaka uliofuata akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete. Alifariki Jena mwaka 1924, na kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg. Kwa hiyo nyumba iko Mtoni, kaburi liko Ujerumani, na sauti yake iko katika lugha ambayo wajukuu wa majirani zake hawaisomi. Kiongozi wa watalii asiyeunganisha hayo matatu anawaonyesha wageni mawe tu.

Nyumba basi. Tumezoea kuziita kwa majina ya wanaume, lakini ukiingia Lamu utaona mambo mengine. Katika koo za waungwana ilikuwa ada baba kumpa binti yake nyumba, au ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Wikio zile zinazovuka juu ya vichochoro zimewapitisha wanawake wengi kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kukanyaga njia. Pita daka (kibaraza cha mlangoni), uani, msana (ukumbi mrefu mwembamba), hadi ndani kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za plasta iliyochongwa, kisha ingia nyumba kati. Chumba kile ndicho walimojifungulia watoto na ndicho walimooshewa maiti. Fundi asiyejua hilo anabomoa ukuta "kupanua sebule", na katika nyumba nzima hakuna ukuta wenye historia kuliko huo.

Kwa hiyo kabla sijatoa futi ya kupimia, nauliza: nani alizaliwa humu? Swali hilo halijibiwi barazani, linajibiwa jikoni. Namuamkia bibi wa nyumba, nakunywa chai, nasubiri. Mara nyingi huanza na "sisi hatujui kitu, mwanangu, waulize wanaume," kisha anakuhesabia vizazi vitano vya kinamama bila kupumzika.

Karatasi nazo zipo. Hati za wakfu na za mirathi zilizoko Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, ni hazina ambayo watu hawaitumii vya kutosha. Humo mwanamke haandikwi "mke wa fulani". Ni fulani binti fulani, mwenye mali yake, akiacha nyumba au shamba kwa ajili ya msikiti au kizazi chake. Ukitafuta jina la mume hutampata. Tafuta la baba.

Makaburi ndiyo yanayonikosesha usingizi. Makaburi ya mnara ya pwani yetu, yaani yale yenye nguzo ndefu ya mawe, kuanzia Takwa na Gedi hadi Kunduchi na Kaole, mengi hayana jina. Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za Kichina, na kwenye nguzo nyingi limebaki shimo tu, bakuli zimebanduliwa. Pale Kaole, karibu na Bagamoyo, kaburi linalotunzwa kuliko yote si la shaha wala tajiri. Ni la mwanamke anayeitwa Sharifa, ambaye watu hadi leo wanakwenda kumuombea na kuweka nadhiri. Wapo wanaokasirishwa na mambo hayo, na sitaki kuingia kwenye ugomvi wa masheikh. Ninachosema ni kwamba kaburi linalotembelewa hufagiliwa, na kaburi linalofagiliwa haliotwi na mbuyu.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye makaburi ya kijiji kimoja, nilikuta jiwe la kichwani lenye maandishi yaliyofifia. Niliweza kusoma herufi tatu tu: be, nun, te. Binti. Jina la mbele lilikuwa limeliwa na chumvi, la baba lilikuwa chini ya ukoga. Jua lilikuwa la utosi, nikajiambia nitarudi. Nikarudi mwaka wa pili na tochi na karatasi, nikakuta kaburi limepigwa saruji safi na rangi ya kijani. Aliyefanya hivyo alifanya kwa mapenzi, katoa pesa mfukoni mwake kumstahi bibi yake. Mwenye kosa ni mimi niliyeondoka bila picha.

Tangu siku hiyo napiga picha kwanza, hata kama mwanga ni mbaya, na nyingine narudia alfajiri au usiku, tochi ikimulika kutoka ubavuni ili kila mkwaruzo utoe kivuli. Jiwe silisugui kwa brashi ya waya wala silipaki chaki. Maji safi na brashi laini, basi.

Na saruji, jamani. Kuta zetu za kale ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Zinapumua: unyevu unapanda kutoka ardhini, unatokea usoni mwa ukuta, unakauka. Ukizifunika kwa saruji unyevu unanasa ndani pamoja na chumvi yake, jiwe linasagika taratibu nyuma ya plasta nzuri, na ncha za boriti zinaoza mahali usipopaona. Siku plasta inapoanguka inaondoka na uso wa ukuta, zidaka, nakshi na kila kitu. Chokaa iliyolowekwa muda mrefu ni kazi ya mikono na inataka subira, lakini kwa nyumba ya kale ni rahisi kuliko kujenga upya.

Wakati mwengine maneno hudumu kuliko jiwe. Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, aliutunga utendi wake akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Mwishoni akaweka jina lake, idadi ya beti, yaani 102, na mwaka, 1275 wa Hijria, ndio 1858. Sijaona kaburi la pwani lililoandikwa kwa ukamilifu huo. Kila aliyenakili alinakili na saini.

Lakini tusijidanganye kwamba kila mwanamke mashuhuri alikuwa na nyumba ya mawe au kalamu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba mwaka 1880 akapewa jina Mtumwa. Alikuja mjini mwaka 1911, akaishi Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, na mwaka 1928 akavuka hadi Bombay kurikodi sahani za santuri. Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililomo humo, ilipoporomoka Desemba 2020 dunia nzima ilisikia. Ng'ambo, mitaa mizima ya nyumba za udongo ilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani, na humo ndimo walimohamia wengi walioachiwa huru kwa amri ya 1897 ya kufuta utumwa. Masuria walisubiri hadi 1909. Mimi nasema nyumba ya udongo ya mwanamke aliyejikomboa ni jengo la kihistoria sawasawa na kasri, na hata zaidi, maana kasri zimebaki kadhaa.

Kwa hiyo sasa hivi Ng'ambo ndiko niliko, na kazi imekuwa ya masikio zaidi kuliko macho. Nachora ramani ya mtaa uliokwisha kuvunjwa kwa kufuata vidole vya vikongwe: hapa palikuwa na kisima, hapa aliketi fulani akiuza maandazi, pale ngoma ikipigwa. Kesho narudi Mwembetanga kwa bibi aliyeniahidi majina ya nyumba saba mfululizo. Sita keshanipa. La saba, kasema, lazima kwanza amuulize dada yake.