Kupitisha nyuzi za tiara kwenye kigingi: msuguano unakula nini

Tiara ya nyuzi mbili huongozwa kwa tofauti ndogo. Ukivuta uzi wa kulia sentimita chache zaidi ya wa kushoto, bawa la kulia husogea kuelekea kwako na tiara hugeukia kulia. Ya nyuzi nne huongeza jozi ya chini, yaani breki, na kwa jozi hiyo unaweza kuisimamisha hewani, kuirudisha kinyumenyume au kuizungusha pale pale ilipo. Katika hali zote mbili kinachofika juu ni tofauti ya mivuto, basi. Chochote kinachokaa kati ya mkono na tiara kikiimeza tofauti hiyo, rubani anabaki ameshika nyuzi tu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu kupitisha nyuzi kwenye kigingi, naanza na msuguano kabla ya kugusa habari ya kigingi chenyewe.

Mpangilio wenyewe ni huu. Badala ya nyuzi kutoka kwenye tiara moja kwa moja hadi mikononi, zinashuka kwanza hadi kwenye pete au roda zilizofungwa kwenye kigingi ardhini, zinapinda hapo, kisha zinakuja kwako popote uliposimama. Unaweza kuwa upande wa joshi, yaani nyuma ya kigingi kule upepo unakotoka. Unaweza kuwa ubavuni mwake. Unaweza pia kuwa demani, mbele ya kigingi, chini kabisa ya tiara yako. Kitovu cha mchezo kinahama: tiara sasa inazunguka kigingi, haikuzunguki wewe.

Faida yake ni ya kweli. Anayerekebisha hatamu ya tiara, yaani vile vipande vya uzi vinavyounganisha tanga na nyuzi ndefu, anaweza kusogea karibu na kuona jinsi tanga linavyojaa, fito ipi inapinda kupita kiasi, na ukingo upi unapepea. Kwa kawaida yote hayo yako mita 30 mbali na macho yake. Mwalimu na mwanafunzi wanaweza kusimama mahali ambapo wote wawili wanaiona tiara kwa pembe nzuri. Anayeruka peke yake anaweza kuirusha tiara kutoka mkononi mwake na kuipokea inaposhuka. Hili la mwisho ndilo lililonivuta mimi, na bado naliona kuwa raha kubwa kuliko zote.

Lakini kuna dhana moja nataka kuiondoa mapema, kwa sababu nimeisikia hata kwa warushaji wazoefu: kwamba kigingi kinabeba mzigo na mikono inapumzika. Haiko hivyo. Pete iliyosimama mahali pamoja hubadili mwelekeo wa mvuto, haiupunguzi. Kama tiara inavuta kilo 15 na pete zako hazina msuguano, mikono yako inapokea kilo zile zile 15. Ukihisi imekuwa nyepesi, wepesi huo umetoka kwenye msuguano, na msuguano huohuo ndio unaoziba masikio ya tiara.

Hesabu yake ni ya zamani, na wanafizikia huiita kanuni ya Euler na Eytelwein. Uzi ukizunguka kitu cha mviringo, uwiano wa mkazo wa upande mmoja kwa ule wa upande wa pili, kabla uzi haujaanza kuteleza, hukua kadiri pembe ya kupinda inavyokua, na hukua kwa kasi ya kipeo. Unene wa pete haumo katika hesabu hiyo. Chukulia kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha ukali wake, ni 0.15. Uzi ukigeuka digrii 180, uwiano ni kama 1.6. Ukigeuka digrii 90, ni karibu 1.27. Kwa digrii 60, ni 1.17 hivi.

Sasa hamishia hayo mkononi. Umeushika uzi kwa nyutoni 20, kama mvuto wa kilo mbili hivi, nao umepinda digrii 180 kwenye pete. Mkazo wa upande wa tiara unaweza kushuka hadi nyutoni 12.5 au kupanda hadi 32, na mkononi mwako hakuna kinachosogea. Pengo lote hilo ni bubu. Tiara inakwambia upepo umepungua, husikii. Wewe unaiambia igeuke kidogo, haisikii mpaka uvute kwa nguvu, kisha inageuka kwa ghafla na kupita pale ulipotaka. Mrushaji anayekutana na hali hii mara ya kwanza hudhani hatamu imeharibika au nyuzi hazilingani. Mara nyingi hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo mahali unaposimama ni uamuzi wa pembe, na pembe zinafuata mantiki ambayo inafaa kuijua kwa moyo.

Ukisimama joshi, nyuma ya kigingi, uzi unapinda kwa kiasi kile kile tiara ilichopanda. Ikiwa chini karibu na ardhi, uzi unapita pete karibu umenyooka na msuguano ni mdogo sana. Ikipanda digrii 60, uzi umepinda digrii 60. Tiara inazidi kuwa nzito wa kusikia kadiri inavyokwenda juu, na huko juu ndiko mvuto wake ulivyo dhaifu kwa kawaida. Ukisimama demani mambo yanageuka: tiara ikiwa chini uzi umekunjwa karibu digrii 180, na ikipanda hadi digrii 60 umebaki umepinda 120. Kila inavyopanda, inasikia vizuri zaidi. Ukikaa ubavuni, pembe ni 90 tiara inapokuwa katikati, inaongezeka inapokuja upande wako na kupungua inapokwenda upande wa pili. Hapo ndipo penye udanganyifu mkubwa, maana tiara inaonekana ina tabia mbili, ya kulia na ya kushoto, ilhali tabia yake ni moja.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni joshi, hatua chache nyuma ya kigingi, na tiara irushwe chini na katikati. Halafu ubavuni. Demani iwe ya mwisho.

Kuhusu pete na roda nina msimamo. Kwa tiara nyepesi ya nyuzi mbili, ile ya michezo ya kulegeza uzi na kuiacha tiara ijipindue, tumia pete nene ya chuma cha pua iliyong'arishwa, au pete ya kauri kama zile za fimbo za kuvulia samaki. Roda yenye beringi ina msuguano mdogo zaidi, ni kweli, lakini uzi ukilegea huruka kutoka kwenye gurudumu na kujibana kati ya gurudumu na ubavu wa roda. Michezo ya kulegeza uzi yote huanza na uzi uliolegea. Roda naiwekea tiara ya nyuzi nne, ambayo uzi wake hubaki na mkazo karibu wakati wote, na ambayo breki zake za chini zinahitaji usikivu mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Breki za tiara ya nyuzi nne hufanya kazi kwa mvuto mdogo sana, na msuguano wa digrii 180 kwenye pete unatosha kuzifanya zisiwepo kabisa.

Unene wa pete, ingawa hauingii kwenye hesabu ya msuguano, unaamua uhai wa uzi. Pete nyembamba huukunja uzi kwa ukali. Nyuzi nyingi za tiara hizi ni za polietilini iliyosukwa, aina ya Dyneema, ambayo inateleza vizuri ajabu na ina nguvu kubwa kwa uzito wake, lakini huyeyuka kwenye joto la sentigredi 150 hivi. Kiwango hicho ni cha chini. Ndiyo sababu sipitishi nyuzi mbili kwenye pete moja: zinasuguana zenyewe kwa zenyewe kwenye kona ile ile, chini ya mkazo, tena na tena. Nyuzi hizi zikisokotana hewani baada ya tiara kuzunguka, zinaendelea kuteleza bila shida kwa sababu msuguano umegawanyika kwenye urefu mkubwa. Kwenye kona ya pete umekusanyika mahali pamoja. Na uzi wa Kevlar usiuweke karibu na hizi hata kidogo; unakata kama msumeno.

Kila uzi na pete yake, basi, na pete zikae kwenye kijiti cha kukingama, zikiwa zimeachana kiasi cha upana wa kiganja au zaidi. Pitisha nyuzi kabla ya kufunga vishikio, kwa sababu fundo na kitambaa cha kulindia ncha ya uzi havipiti kwenye pete. Futa mchanga kila mara. Punje moja iliyokwama ndani ya pete ya kulia na si ya kushoto inaifanya tiara ivute upande mmoja siku nzima, nawe utakuwa unafungua na kufunga hatamu bure. Sogeza kidogo mahali unaposimama kila baada ya muda, ili kipande kile kile cha uzi kisikae kwenye kona mpaka kikachakaa.

Sasa kigingi. Kani inayokifikia inategemea tena pembe. Uzi ukipinda digrii 60, kigingi kinavutwa kwa kani sawa na mkazo wa uzi. Kwa digrii 90 ni mara 1.4 hivi. Kwa 180 ni mara mbili kamili: tiara ya kilo 15 inakivuta kigingi kwa kilo 30. Mwelekeo nao hautulii, kwa sababu tiara ikipanda juu inavuta kigingi kwenda juu, na kigingi laini kilichopigiliwa kwa nyundo hutoka ardhini kwa urahisi kikivutwa hivyo. Kwenye udongo mgumu tumia kigingi cha skrubu. Kwenye mchanga mkavu hata hicho hakitoshi. Fukia ubao au mfuko uliojaa mchanga, ukifungwa kamba katikati, kina cha mkono mzima.

Kuna hatari moja ya upande wa demani ambayo naomba isichukuliwe kijuujuu. Kigingi kikichomoka kikiwa na mkazo, kinaruka kuelekea tiara. Wewe uko kati ya kigingi na tiara. Usisimame kwenye mstari ulionyooka kati ya viwili hivyo. Kaa pembeni kidogo, na funga kamba ya akiba kutoka kwenye kigingi hadi kigingi cha pili nyuma yake. Kijaribu kwa uzito wako wote kabla tiara haijanyanyuka. Na tiara kubwa za kuvuta watu, zile za magurudumu au za majini, zisipitishwe kwenye kigingi hata siku moja. Ukiacha hatari ya nyuzi kukatika, nguvu zake zinaweza kung'oa chochote ulichochimbia kwa mikono yako.

Wapita njia nao wanahitaji ulinzi mpya. Kwa kawaida nyuma ya mrushaji ni salama na mbele ni hatari. Ukiweka kigingi, kuna nyuzi zilizokazwa kati ya kigingi na mikono yako, kuanzia usawa wa kifundo cha mguu hadi kifuani, na hazionekani. Weka alama za kitambaa ardhini kando ya njia ya nyuzi hizo.

Jambo linalowapata hata wazoefu ni miguu. Katika urushaji wa kawaida, upepo ukipiga ghafla unasogea mbele kuelekea tiara na mkazo unapungua. Kwenye kigingi, kinachopunguza mkazo ni kusogea kuelekea kigingi, maana ndivyo unavyoachia uzi. Ukiwa demani umekitazama kigingi, hatua ya mbele bado inasaidia. Ukiwa umegeuka kuitazama tiara, nyuzi zikipita ubavuni mwako kutoka nyuma, hatua ya mbele inaongeza mvuto wakati unataka upungue. Mikono haina tatizo hilo: ilimradi nyuzi hazijavukana, kulia kunabaki kulia kwa namna zote mbili. Ni miguu inayohitaji kufundishwa upya, nami nawafundisha wanafunzi wangu kwanza wakiwa wamekitazama kigingi.

Wazo la kuongoza tiara yenye nyuzi nyingi kutoka mahali pasipo mkono wa mtu si geni. George Pocock wa Bristol alipata hataza mwaka 1826 kwa gari lililovutwa na tiara, akiziongoza kwa nyuzi nne. Mwaka 1980 Miles Loyd wa Marekani alichapisha hesabu za nguvu inayoweza kuvunwa na tiara inayokatiza upepo, na wahandisi wa leo wanaojenga mitambo ya namna hiyo hupitisha nyuzi kwenye roda zilizo ardhini kabla hazijafika kwenye magurudumu ya kuzikunja. Pembe na msuguano vinawasumbua wao pia.

Na sasa ile raha niliyoitaja. Uzi wako una mita 30. Tiara imenyanyuka mita 25 kutoka kwenye kigingi, wewe uko demani mita 5. Kila hatua unayopiga kuifuata tiara inaivuta kuja kwako hatua ile ile, kwa sababu urefu wa uzi haubadiliki: ukiwa mita 10, yenyewe iko 20. Upepo ukiwa mwanana, huo mwendo wako unaiongezea tiara upepo wa kuisukuma, kwa hiyo haianguki. Ishushe pole pole kuelekea ukingoni mwa eneo lake la kuruka ambako mvuto ni mdogo, endelea kutembea, na tembea kwa mwendo usiobadilika, kwa sababu ukisita pengo lile bubu la msuguano linaifanya isikie umesimama kabla hujasimama. Mita 15 kutoka kwenye kigingi mnakutana. Shika fito ya katikati, si ukingo wa tanga, kisha rudi hatua mbili kuelekea kigingi ili nyuzi zilegee kabla hujaachia vishikio.