Gari linagonga chini: usikimbilie shokapu

Toyota Corolla 110 bado zimejaa barabarani, na zilizotoka kiwandani 1995 leo zina umri mkubwa kuliko madereva wengi wanaoziendesha. Nazipenda. Mguu wa mbele (sasipensheni) ni wa MacPherson: shokapu na springi zimekaa pamoja, chini kuna wishiboni moja, yaani mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwenye bodi, usukani ni wa reki, fimbo ya meno inayosukuma tairi kushoto na kulia. Vinavyochakaa vinahesabika. Ndiyo maana inanikera mtu akija na shokapu mpya mbili na gari bado linagonga.

"Nani alikwambia ni shokapu, bosi?"

"Fundi wa mwanzo. Alisukuma bampa, akasema zimekufa."

Kusukuma bampa kunakuonyesha kama gari linanesa kupita kiasi, basi. Kinachogonga hukioni hapo. Shokapu iliyokufa ina dalili zake: mafuta yamevuja na kushika vumbi, pua ya gari inainama sana ukikamata breki, gari linaendelea kuchezacheza baada ya tuta, tairi linaliwa mabaka-mabaka. Mlio wa tuku-tuku-tuku kwenye rasta (vituta vidogo vinavyofuatana) au barabara ya vumbi, mwendo mdogo, mimi naanzia stabilaiza linki kama gari linazo, vile vifimbo vinavyounganisha mguu na fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Bei yake ni ndogo na kipimo ni rahisi. Fungua linki zote mbili, zifunge kwa waya zisiguse kitu, zunguka mtaani taratibu. Mlio ukipotea, umeshampata mwizi. Usiende nalo barabara kuu likiwa hivyo, litalala vibaya kwenye kona.

Linki zikiwa nzima, piga jeki. Kwa mguu wa aina hii jeki inakaa kwenye bodi, tairi lining'inie, na stendi iwepo kabla hujaingiza hata mkono chini. Shika tairi pembeni, kushoto na kulia, utikise. Likicheza, mwambie mtu aendelee kutikisa huku wewe umeshika tairodi endi, kiungo cha nje cha fimbo ya usukani, karibu na tairi: mchezo unausikia kwenye vidole. Tairodi endi ikiwa imetulia, minya ule mpira wenye mikunjo wa reki mpaka uipate reki endi ndani, yaani kiungo cha ndani cha fimbo hiyo hiyo, uisikilize vilevile. Mpira huo ukiwa umechanika, mchanga umeshaingia. Ukiwa umejaa mafuta ya usukani, sili za reki zimekwisha, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Sasa shika tairi juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki na wewe utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi ya tairi, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na chuma kinachoibeba beringi. Ukibaki, angalia boli jointi, kiungo kinachounganisha wishiboni na gurudumu. Ingiza mtaimbo mdogo juu ya wishiboni, ukandamize chini huku ukitazama kiungo. Mchezo wowote unaouona kwa macho, badilisha. Kwa magari ambayo springi inakalia wishiboni ya chini, mambo yanageuka: jeki inakaa chini ya wishiboni yenyewe, la sivyo springi inaibana jointi na mchezo unafichika.

Boli jointi ndiyo kitu pekee hapa ambacho sikubali mteja aniambie "ngoja mwisho wa mwezi". Ikichomoka, tairi linalala na usukani haukusaidii tena. Nimeona zilizogongwa ponchi zibane, hata zilizochomelewa. Jointi nyingi ndani zina kikombe cha plastiki kinachoshika boli, lile tufe la chuma lenye shina. Moto wa kuchomelea unakiyeyusha, na siku unalichukua gari, jointi inaonekana imekaza. Ukinunua mpya, boksi zuri si ushahidi. Zungusha boli kwa mkono: igome kidogo, igome sawasawa pande zote, isikwame mahali. Na chochote chenye mpira usinunue cha mtumba, hata kama kimetoka Japani jana. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo.

Kwenye kufunga kuna mambo mawili yanayoharibiwa kila siku. La kwanza ni nati ya taji, ile yenye mapengo ya kupitishia pini. Ukishakaza na tundu la pini likakosa kulingana, usiilegeze kidogo pini ipite. Ongeza kukaza mpaka tundu lifuate. Na tairodi ikigoma kutoka, piga nyundo ubavuni mwa jicho la chuma inamokaa, si juu ya nyuzi za boli. Hesabu mizunguko unapoifungua ili mpya ikae karibu na pale pale.

La pili ni bushi za wishiboni, mipira inayoishika kwenye bodi. Ukisikia gari linapiga "duku" unapokamata breki au unapoanza kurudi nyuma, au linavuta upande ukikamata breki, mara nyingi bushi ya nyuma ya wishiboni imepasuka. Watu wanabadilisha, miezi michache imepasuka tena, lawama kwa spea. Spea nyingine ni mbovu kweli, lakini chunguza kwanza ilivyokazwa. Mpira wa bushi umegandana na bomba la katikati, na ukikaza boli bomba hilo halizunguki tena. Wishiboni ikipanda na kushuka, mpira ndio unaojinyonga. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, mpira unafungwa katika mkao huo. Ukilishusha unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, hata gari likiwa limeegeshwa. Funga boli kwa mkono tu, shusha gari lisimame kwa uzito wake, lisukume mara chache likae, ndipo ukaze ukiwa shimoni. Huna shimo? Nyanyua wishiboni kwa jeki ya pili mpaka bodi ianze kuinuka kidogo kwenye stendi, kisha kaza.

Usukani ukiwa mgumu kwa vipindi na springi inaruka "dang!" ukikata kona gari limesimama, weka kiganja juu ya springi mtu azungushe usukani. Ikijikusanya halafu ikaruka, mauntingi ya juu, kile kikalio kinachoshika shokapu kwenye bodi, imeshika. Kuibadilisha kunataka kibano cha springi. Usiguse nati ya katikati juu ya shokapu kabla springi haijabanwa, inaweza kuua.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, inakuja mwisho. Kupima gari lenye tairodi inayocheza ni kulipia namba zitakazobadilika kabla hujafika nyumbani. Gari likivuta upande, kwanza badilishana tairi za mbele, la kushoto liende kulia, isipokuwa kama ni zile zenye mshale wa mwelekeo. Likianza kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi. Usukani unaotetemeka kwenye 80 hadi 100 na kutulia ukipunguza mwendo, pima balansi kwanza.

Na wale mliopachika spesa kulinyanyua gari: pembe ya tairodi imebadilika, ya ekseli pia. Rudini mkapime alaimenti, na mkisikia tak-tak-tak mkikata kona huku mmekanyaga mafuta, hiyo ni CV joint, kiungo cha ekseli, si miguu.