Wembamba kwanza, ukuzaji baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu hadubini ni hili: inakuza mara ngapi? Wazazi wanaotaka kumnunulia mtoto wanaliuliza, walimu wa sayansi wanaliuliza, na wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo nao hawaliachi. Kazi yangu ni histolojia, yaani kuandaa vipande vya tishu za mwili ili daktari wa patholojia, anayetambua ugonjwa kwa kutazama tishu, avisome. Kwangu mimi swali la kwanza ni jingine: unachotaka kukitazama kina unene gani?

Hadubini ya kawaida huonesha kitu kwa mwanga unaotoka chini na kukipenya. Mwanga usipopita, hakuna cha kuona. Weka kipande cha ini chenye unene wa milimita 2 chini ya lenzi nzuri kuliko zote, utapata giza tu. Kipunguze mpaka kifike mikromita 4, yaani milimita 0.004, na ini lote linafunguka: seli zimejipanga safu kwa safu, kila moja na kiini chake, na katikati ya safu kuna njia za damu. Seli ya ini ina upana wa mikromita 20 hadi 30, kwa hiyo kipande hicho ni chembamba kuliko seli yenyewe. Hakuna seli iliyolala juu ya mwenzake ikakuvuruga macho.

Kufika kwenye wembamba huo ndiyo kazi inayokula siku zetu. Nyama mbichi ni laini, haikatiki hivyo. Kwanza tunailaza kwenye formalini ya asilimia 10, ambayo huzuia kuoza na kuifunga mahali pake kila sehemu ya seli. Kisha tunataka kuijaza nta ili ipate ugumu wa kukatika, lakini nta haipatani na maji, na tishu imejaa maji. Basi tunayaondoa maji kwa alkoholi, tukianzia iliyozimuliwa na kumalizia iliyo safi. Nta haipatani na alkoholi pia, kwa hiyo tunaitoa alkoholi kwa zailini, kimiminika kinachopatana na vyote viwili. Hapo ndipo nta iliyoyeyushwa, yenye joto la karibu nyuzi 60, inaingia na kukaa. Hatua moja ikiharakishwa, aibu inajitokeza mwishoni kabisa: kipande kinabomoka mbele ya wembe.

Kifaa cha kukatia kinaitwa mikrotomu. Bonge la nta tunalipoza kwanza juu ya barafu, kisha unazungusha gurudumu taratibu na vipande vinatoka vimeshikana, kimoja nyuma ya kingine, kama utepe. Pumzi yako tu inatosha kuupeperusha. Unauchukua kwa brashi ndogo, unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe, halafu unauvua kutoka chini kwa slaidi, yaani kipande chembamba cha kioo. Wembe ukiwa na pengo dogo ambalo jicho halilioni, mstari ulionyooka utapita kwenye kila kipande kuanzia hapo, na msomaji mzoefu akiuona anajua papo hapo kuwa huo ni wembe, si ugonjwa.

Sasa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kipande kilichokatwa vizuri, ukikiweka chini ya lenzi bila kukipaka chochote, karibu hakionekani. Tishu nyembamba hupitisha mwanga wote, haina rangi. Tumeshinda unene, tumepoteza utofauti. Ndiyo maana tunapaka rangi mbili, hematoksilini na eosini. Hematoksilini inatokana na mti, Haematoxylum campechianum, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, na haishiki vizuri mpaka ichanganywe na madini. Tunayotumia sana ni shabu, jamii ileile inayouzwa sokoni. Slaidi ikitoka kwenye rangi hiyo viini vya seli huwa vya wekundu wa zambarau. Ukiisuuza kwa maji ya bomba yenye ualkali kidogo, vinageuka bluu machoni pako. Eosini hufuata na kupaka sehemu nyingine zote waridi. Nimeiona bluu hiyo ikija mara nyingi sana, na bado nasimama kuitazama.

Nyumbani huna mikrotomu, na huihitaji. Kuna vitu vimeshakatwa tayari. Kata kitunguu vipande vinne, toa jani moja nene la ndani, livunje, na kwenye upande uliobonyea utakuta utando mwembamba unaong'oka kwa kucha. Utando huo ni tabaka moja tu la seli. Utandaze kwenye tone la maji juu ya slaidi, kisha shusha kifuniko cha kioo kwa kukiinamisha, ukingo mmoja kwanza, ili hewa itoke. Hewa ikibaki utaona miduara yenye ukingo mweusi mnene, na hiyo ndiyo wanaoanza huichora wakidhani ni seli. Seli za kitunguu zina pembe, zimelala bega kwa bega, na kuta zake zinaonekana wazi. Weka tone la iodini pembeni ya kifuniko, gusisha karatasi ya shashi upande wa pili, na iodini itavutwa ipite chini. Viini vinatokea vya manjano ya kahawia, kimoja kwa kila seli.

Fanya vivyo hivyo kwa ndizi mbichi, lakini hapa kwangua kidogo kwa kijiti cha meno na kuponda chini ya kifuniko. Iodini ikifika, seli zinajaa chembe za rangi ya bluu iliyokaribia weusi: huo ni wanga. Rudia kwa ndizi iliyoiva sana ya aina hiyohiyo, utaona chembe zimepungua mno, kwa sababu ndizi ikiiva wanga hugeuka sukari. Kitunguu hakikugeuka bluu kwa kuwa akiba yake haiwekwi kama wanga.

Baada ya unene ni mwanga. Chini ya meza ya hadubini kuna kondensa, lenzi inayokusanya mwanga, na dayaframu, kile kitundu kinachopanuliwa na kufinywa, na watu wengi hawakigusi kabisa. Kitu chenye rangi, acha dayaframu wazi kiasi. Kitu kisicho na rangi, finya, na kuta za seli zitajitokeza. Anza kila mara na lenzi ndogo kabisa, ya mara 4, kwani hata daktari wa patholojia huanzia huko: mpangilio wa tishu husomwa kwa mbali kabla ya seli kusomwa kwa karibu.

Kuhusu zile hadubini zinazotangazwa kukuza mara 2000, nasema bila kumung'unya: usinunue kwa ajili ya namba hiyo. Mwaka 1873 mwanafizikia Ernst Abbe, kule Jena Ujerumani, alionesha kuwa mwanga wenyewe una kikomo. Nukta mbili zikikaribiana zaidi ya takriban mikromita 0.2, hadubini ya mwanga ya kawaida huziona kama nukta moja, na ukizidi kukuza unakuza ukungu. Lenzi ya mara 100, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10 inafikisha 1000, yenyewe inahitaji tone la mafuta kati yake na slaidi. Mafuta hayo hupindisha mwanga kwa kiasi kilekile cha kioo, hivyo miale ambayo ingepotelea hewani inaingia kwenye lenzi. Ukiitumia kavu umeipoteza faida yake. Kwa nyumbani na shuleni, lenzi za 4, 10 na 40 pamoja na kondensa yenye dayaframu zinatosha kwa karibu kila ninachokitaja hapa.

Lenzi ya mafuta ina pake, na sisi tunapajua vizuri: malaria. Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa Alphonse Laveran, akiwa Constantine, Algeria, aliona vimelea kwenye damu ambayo haikupakwa rangi yoyote, kwa sababu vilikuwa na chembe nyeusi na baadhi vilichezesha mikia. Leo tunatumia rangi ya Giemsa, inayopaka kiini cha kimelea nyekundu na mwili wake bluu. Hapa tena unene ndio unaoamua. Tone nene, seli zake nyekundu zikiwa zimepasuliwa na maji, linakupa damu nyingi mahali padogo, kwa hiyo linafaa kujua kama kimelea kipo. Damu iliyotandazwa nyembamba na kuimarishwa kwa methanoli inaacha seli zikiwa nzima, na humo ndimo unamotambua ni kimelea cha aina gani.

Damu ya kujifunzia chukua ya kuku anapochinjwa. Ya watu iachie maabara. Izimue kwa maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita. Seli nyekundu za kuku ni za umbo la yai na zina kiini katikati, tofauti na zetu ambazo ni duara, zina upana wa mikromita 7 hadi 8, na hazina kiini. Za mbuzi ni ndogo ajabu, karibu nusu ya zetu. Za ngamia hazina kiini, lakini ni za umbo la yai. Ukitumia maji matupu badala ya yenye chumvi, seli za kuku zitapasuka na viini vitabaki vikielea.

Sasa vitu vya kila siku. Tafuta kikokotoo kibovu, kwani kwenye kioo chake kuna karatasi za plastiki zinazochuja mwanga, mbele na nyuma. Bandua, weka moja chini ya slaidi na nyingine juu, zungusha ya juu mpaka kote kuwe giza. Chembe za wanga wa kiazi mviringo zitang'aa kwenye giza hilo, kila moja ikiwa na msalaba mweusi. Wanga wa muhogo nao unang'aa, chembe zake zikiwa ndogo zaidi na nyingi zimekatika upande mmoja. Pasha wanga huo kwenye maji mpaka uwe uji, tazama tena: misalaba imetoweka, kwa kuwa joto limevunja mpangilio wa ndani wa chembe. Punje ya chumvi itabaki giza, ya sukari itawaka rangi.

Na nguo. Chomoa uzi mmoja, uchambue kwa sindano mbili kwenye tone la maji. Unyuzi wa pamba ni seli moja tu iliyorefuka kutoka kwenye ganda la mbegu, ikakauka na kusinyaa, ndiyo maana unaonekana bapa na umejisokota. Wa katani ni fungu la seli nyingi fupi zilizogandamana. Poliesta ni nyuzi laini, za unene mmoja mwanzo hadi mwisho, mara nyingi zikiwa na vidoa vyeusi vidogo vya unga unaotiwa kiwandani kupunguza mng'ao. Ukikuta zilizojisokota na zilizonyooka kwenye uzi mmoja, nguo hiyo ni mchanganyiko, hata kama lebo imeandika pamba asilimia 100.